Hilux ya zamani inalia sana barabara kuu: nishushe vipi mizunguko ya injini?

FundiMageti

Habari zenu wadau. Naomba mvumilie urefu, maana nikieleza nusu nitajibiwa nusu.

Mimi ni fundi wa mageti na madirisha ya chuma, kibanda changu kiko Kariobangi Light Industries. Gari langu ni Toyota Hilux ya 1993, 4x4, dizeli ya 2.8, ile injini ya 3L isiyo na turbo, gia tano za mkono. Nililinunua miaka minne iliyopita kwa mzee mmoja wa Ruiru aliyekuwa akibebea maziwa. Bodi imechoka, mlango wa kushoto lazima uuinue kwanza ndipo ufunge, lakini injini haili oili na asubuhi inawaka mara moja. Sitafuti gari jingine. Nataka hili linifae.

Mjini sina shida nalo. Shida ni safari. Mara mbili au tatu kwa mwezi nina mzigo wa Karatina, Nyeri, wakati mwingine hadi Nanyuki. Kwenda nimebeba kilo 700 au 800 za chuma, kurudi nina kamba na turubai tu. Barabara imepanuliwa kuanzia Kenol, watu wanatembea, nami natamani kutembea nao. Lakini spidomita ikigusa 100, injini inalia kama mashine ya kusaga unga. Dashibodi yangu haina mita ya mizunguko, kwa hiyo siwezi kuwaambia ni mingapi. Ninachojua ni kwamba mkono huenda wenyewe kwenye gia, ukasukuma kutafuta nyingine, ukakuta tayari niko kwenye tano. Nimefanya hivyo mara nyingi hadi mke wangu ameacha kuniuliza natafuta nini.

Yeye ndiye anayeandika vipimo vya wateja, kwa hiyo tunasafiri pamoja. Kutoka Thika hadi Sagana tunaongea kwa kupaza sauti, halafu tunachoka, tunanyamaza. Nami nashinda na grainda siku nzima. Jioni masikio yanavuma. Sitaki kuyamalizia barabarani.

Nimeuliza mafundi watatu. Wa kwanza alisema nifunge matairi ya inchi 31. Wa pili alisema nibadilishe difu, yale meno ya ekseli yanayogeuza magurudumu. Wa tatu alisema nitoe injini na giaboksi yote, niweke ya turbo. Kila mmoja alinielekeza kwa kitu alichokuwa nacho dukani. Nawauliza ninyi msio na cha kuniuzia: nianzie wapi? Na nikishusha hiyo mizunguko, gari litaendelea kuvuta mzigo kutoka Sagana kupanda Karatina, au nitakuwa nimeliua?

DerevaMstaafu

Kijana wangu, nimeendesha malori kutoka Mombasa hadi Malaba karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nisikilize kabla hujatoa shilingi.

Kwanza ujue kinacholia. Ukiwa kwenye sehemu iliyonyooka, nyuma yako hakuna mtu, gari likiwa kwenye ile kasi inayokusumbua, kanyaga klachi na uachie mafuta kwa sekunde mbili tatu. Injini itashuka. Kelele ikiondoka nayo, basi ni injini au kitu kilichofungwa kwenye injini. Kelele ikibaki vilevile, mizunguko haihusiki: ni matairi, ni upepo, au ni difu yenyewe inaomba beringi.

Ikiwa imeondoka, usikimbilie kusema ni gia. Fungua boneti asubuhi, injini baridi kabisa, imezimwa, ufunguo mfukoni. Zungusha feni kwa mkono. Ile feni ina kopo katikati lenye mafuta mazito ndani. Inatakiwa izunguke kwa uzito kidogo kisha isimame. Ikikataa kabisa na kutaka kuvuta mkanda, kopo limekwama, na feni yako inazunguka na injini wakati wote, iwe moto iwe baridi. Hiyo sauti nimeikaa nayo. Ni mngurumo wa kina, unapanda kila unapokanyaga mafuta, na mtu anaapa ni injini. Lakini usije ukaing'oa feni ukasema umemaliza kelele. Ukifika mlima wa Karatina na chuma mgongoni, maji yatachemka.

Jambo la pili, angalia hubu za magurudumu ya mbele, vile vifungo vya katikati vinavyounganisha gurudumu na ekseli. Zote mbili ziwe zimegeuzwa kwenye FREE. Nimeona gari likitembea mwaka mzima na hubu moja imefungwa, difu ya mbele inazungushwa bure na mafuta yanaliwa.

La tatu ni la umri wangu, ulichukue au uliache. Kilomita 100 kwa kasi ya 95 ni dakika 63. Kwa kasi ya 80 ni dakika 75. Unalipia dakika 12 kwa dizeli, kwa masikio na kwa breki za 1993. Tena mageti yako najua unayasimamisha, yanapita juu ya kichwa cha gari. Huo ni ukuta unausukuma. Yalaze, au yainamishe kuelekea nyuma.

MwalimuWaMagari

Mzee amesema vyema, hasa hapo pa feni. Mimi nafundisha ufundi wa magari chuoni, na kitu cha kwanza ninachowaambia wanafunzi ni kwamba kukosa mita ya mizunguko si kukosa hesabu. Ukiwa na namba nne unajua injini inazunguka mara ngapi, bila kununua kifaa chochote.

Namba ya kwanza ni kasi ya kweli. Usiichukue kwenye spidomita, ichukue kwenye ramani ya simu inayoonyesha kasi, na mkeo ndiye aisome, si wewe. Ya pili ni mzingo wa tairi: tairi linasonga mita ngapi likizunguka mara moja, likiwa limekalia ardhi na uzito wa gari. Ya tatu ni uwiano wa difu, yaani propela shafti, ule mhimili unaotoka giaboksi, inazunguka mara ngapi ili magurudumu yazunguke mara moja. Ya nne ni uwiano wa gia ya tano, ambao kwenye giaboksi za Hilux za aina yako ni kama 0.84.

Difu unaweza kuipima bila kuifungua. Weka gari mahali tambarare, kabari ngumu mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, gia huru, breki ya mkono imeachiliwa. Inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki kisha uweke stendi, usitegemee jeki. Lile lingine libaki chini. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Mtu mmoja azungushe tairi mara 20 kamili, mwingine ahesabu shafti. Kwa kuwa gurudumu moja limesimama, mizunguko 20 ya lile lililoinuliwa ni sawa na 10 ya difu. Ukipata 41, una difu ya 4.10. Ukipata 43, ni 4.30. Arobaini na tano na nusu ni 4.556, na karibu 49 ni 4.875.

Leta hizo namba, tutaongea. Kabla ya hapo, mtu yeyote anayekwambia ununue kitu anabahatisha kwa pesa zako.

Vumbi254

Matairi ya 31 bwana. Mimi nimefunga kwenye Hilux yangu, mizunguko imeshuka, gari limesimama vizuri, hakuna hesabu wala chaki.

MamaSpea

Mimi nina duka la spea Kirinyaga Road, na wengi wenu mtaendelea kuiita Grogan hata nikiwakataza. Kwa hiyo mimi ninacho cha kuuza, nasema mapema.

Ndugu FundiMageti, huyo aliyekwambia ubadilishe difu, alikwambia ni difu ngapi? Gari lako ni 4x4. Ukiweka ya nyuma yenye uwiano mpya na ya mbele ukaiacha, siku utakapovuta kigingi kwenda 4H, yaani kuendesha magurudumu yote manne, kwenye lami au mahali pakavu, mbele kutataka mwendo huu na nyuma mwendo ule, na hakuna pa kuteleza. Shafti zinajikaza, kitu kinavunjika, na mara nyingi ni ile transifa, kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Nimeuzia watu transifa kwa sababu hiyo hiyo. Wengine hujitetea kwamba hawatumii 4x4 kamwe. Halafu mvua inanyesha, wako kwenye matope ya mteja, wanasahau.

Kwa hiyo ukibadilisha, ni mbili kwa pamoja, zenye meno sawa. Uzuri wa Hilux yenye ekseli nzima mbele, ile ya springi za majani kama yako, ni kwamba kichwa cha difu cha mbele na cha nyuma ni cha familia moja, kinatoka kizima, kinaingia kizima. Mwombe muuzaji ahesabu meno mbele yako. Meno 41 ya gurudumu kubwa la ndani ya difu kwa 9 ya pinioni, ile gia ndogo inayolizungusha, ni 4.556. Meno 43 kwa 10 ni 4.30. Meno 41 kwa 10 ni 4.10. Usikubali neno la mdomo, hata la kwangu. Na usikubali kamwe mtu akuuzie gurudumu kubwa kutoka difu moja na pinioni kutoka nyingine. Yale meno yamesagana pamoja tangu kiwandani. Ukiyatenganisha yatalia, na wewe umekuja hapa kukimbia kelele.

Kuhusu injini ya turbo sisemi mengi. Ni pesa nyingi, na ukibadilisha injini lazima namba mpya iingie kwenye kitabu cha gari kupitia NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, la sivyo siku ya kuuza au ya kusimamishwa barabarani utaeleza hadi uchoke.

FundiMageti

Wadau, asanteni. Mzee, mwalimu, mama, nimefanya kila mlichosema. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa kibandani, mimi, mke wangu na kijana wangu wa kazi.

Feni kwanza, maana ndiyo iliyokuwa imeninyima usingizi. Injini ilikuwa imelala tangu Ijumaa. Nimeshika pangaboi, nimesukuma. Haikwenda. Nimesukuma tena kwa nguvu, nikaona mkanda unajivuta pamoja nayo. Mzee, kopo limekwama kabisa, na pembeni lina mstari mweusi wa mafuta yaliyovuja, vumbi limegandia juu yake hadi limekuwa kama lami. Miaka minne nimefungua hiyo boneti kuweka maji na sikuwahi kuugusa.

Hubu ya kulia ilikuwa FREE. Ya kushoto ilikuwa kati, haiko FREE wala LOCK. Nimeisafisha, nimepaka grisi, sasa inageuka.

Halafu chaki. Mke wangu alikaa kwenye kigoda kando ya shafti na daftari lake la vipimo, mimi nikazungusha tairi. Mara ya kwanza tulipoteza hesabu kwenye kumi na nne kwa sababu kijana aliniuliza kitu. Mara ya pili alama yake ilipita mara 45, na tairi langu lilipofika ishirini alama ya shafti ilikuwa imeangalia chini, nusu ya safari ya 46. Akaandika 45 na nusu. Kwa hiyo ni 4.556.

Tairi nalo: nimechora mstari sakafuni chini ya chaki, tukasukuma gari hadi chaki ikarudi chini mara tatu, nikapima kwa tepu ninayopimia mageti. Mita 6 na sentimita 36. Gawa kwa tatu, ni 2.12.

Na kasi, Jumanne tulikwenda Thika kuchukua vioo. Spidomita ilipokuwa 100 simu ilisema 92. Nilidhani mtandao unayumba, tukarudia mara tatu. Ni 92.

Lakini hapo ndipo mke wangu aliponiuliza swali. Alikuwa amefungua mlango wa dereva kutafuta kalamu, akaona kile kibandiko cha upepo wa matairi, kimechakaa lakini kinasomeka. Akasema, hapa wameandika 205R16, na haya matairi yetu yameandikwa 195R15C. Ni sawa?

Mwalimu, ni sawa?

MwalimuWaMagari

Mpe mkeo pongezi zangu. Amepata nusu ya jibu lako.

Si sawa. Hilux yako ilitoka kiwandani na tairi lenye kipenyo cha takriban milimita 742. Ulilonalo ni kama 693. Nadhani mzee wa maziwa alipata rimu za inchi 15 kwa bei nzuri, au alitaka gari liwe chini ili apakie mitungi bila kuinua sana. Tairi dogo ni sawa na kuongeza uwiano wa difu: kila kilomita linazunguka mara nyingi zaidi, na injini vilevile. Ndiyo maana spidomita inakudanganya pia. Yenyewe inahesabu mizunguko ya shafti, haijui kwamba tairi limebadilishwa.

Sasa hesabu. Tuchukue kasi ya kweli ya 90, ambayo ni mita 1,500 kwa dakika, kwa hiyo ni rahisi. Gawa 1,500 kwa 2.12, upate mizunguko 707 ya tairi. Zidisha kwa 4.556, kisha kwa 0.84. Injini yako inazunguka kama mara 2,700. Ukiifikisha 100 ya kweli, ni 3,000.

Ukirudisha tairi la kiwanda, ambalo likikalia ardhi linasonga kama mita 2.26, kwa 90 ile ile utashuka hadi 2,540. Ukiweka tairi hilo pamoja na difu ya 4.30, ni 2,400. Ukiweka na ya 4.10, ni 2,290.

Hapo kwenye 2,400 nataka ukae kidogo. Injini ya 3L nguvu yake ya kuvuta iko kileleni karibu na mizunguko hiyo. Juu yake unapata kasi, chini yake inaanza kulemewa. Na kumbuka tunaishi wapi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, na injini isiyo na turbo haina namna ya kufidia. Ukiilazimisha kuvuta kilo 800 kwa mizunguko ya chini huku umekanyaga mafuta hadi sakafuni, dizeli inaingia kuliko hewa. Utaona moshi mweusi kwenye kioo, joto la eksozi litapanda, na mafuta utakayodhani unaokoa yataisha haraka zaidi. Sagana iko chini, kama mita 1,200. Karatina imepita 1,700. Kwenye kipande hicho difu ya 4.10 ingekufanya uishi kwenye gia ya nne, na gia ya nne inakurudisha kwenye kelele ile ile uliyoikimbia.

Kwa hiyo maoni yangu, nami nayasimamia: kopo la feni kwanza. Kisha matairi ya kiwanda. Halafu uendeshe miezi miwili. Ukiona bado unataka kushuka, basi ni 4.30 mbele na nyuma kama mama alivyosema, usivuke hapo. Ya 4.10 ningempa mtu anayesafiri mtupu.

Ndugu Vumbi254, matairi ya 31 kwa hesabu hii yangemshusha hadi karibu 2,390, kwa hiyo hujakosea kuhusu mizunguko. Lakini ni mazito kuyazungusha na kuyasimamisha, yanasugua springi ukikata kona hadi mwisho, na mtu wa chuma aangalie kwanza namba ya uzito. 205R16C yenye alama 110 inabeba kilo 1,060 kila moja. Hayo aliyonayo sasa, kama ni 106, ni kilo 950. Wengi wananunua tairi kwa sura na kusahau kusoma ubavuni.

Jambo moja la mwisho kabla hujashangaa: ukirudisha tairi kubwa, kilomita kwa lita zitaonekana zimepungua kwenye hesabu zako. Hazijapungua. Miaka minne umekuwa ukihesabiwa kilomita ambazo hukusafiri. Linganisha kwa umbali wa ramani, si kwa spidomita. Na ukija kuweka difu ya 4.30, spidomita itageukia upande wa pili: itasoma kama 96 ukiwa 100. Uijue kabla polisi hawajakujulisha.

DerevaMstaafu

Mwalimu, hiyo ya 4.10 umeisema vizuri. Nimeona vijana wakijisifu kwamba gari linalala kwenye tano, kumbe linakabwa shingo. Injini ikikabwa hailii, inatetemeka. Ukihisi usukani na kiti vinapiga taratibu na mafuta umekanyaga yote, shusha gia, usiionee aibu gia ya nne.

Vumbi254

Sawa mwalimu, nimekubali hapo pa mzigo. Mimi langu halibebi kitu zaidi ya mahema na mbwa. Hilo la kusugua springi ni kweli, nimezuia usukani usifike mwisho.

FundiMageti

Wadau, imepita wiki tano, nimeona si vizuri kuchukua ushauri na kunyamaza.

Kopo la feni nilinunua la mtumba kutoka Japani, nikalipima mkononi kabla ya kulipa, kama mzee alivyofundisha. Kulifunga kulichukua saa moja na nusu, nusu ya muda huo nikipambana na nati moja iliyoota kutu. Nilipowasha na kukanyaga mafuta nilisimama pale nikiwa nimeshika boneti. Ule mngurumo uliokuwa ukipanda haukuwepo. Ilibaki injini peke yake, ile kokoto ya dizeli tu. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko yote, na lilikuwa la bei ndogo kuliko yote.

Rimu za inchi 16 zenye nati sita nilizipata baada ya wiki mbili, nne tu, ya akiba bado natafuta. Mbili zilikuwa zimepinda ukingoni. Hiyo ni kazi yangu, nimezinyoosha, kisha nikapeleka zote zikapimwe mzunguko kabla ya kufunga tairi. Matairi nimenunua mapya manne, 205R16C, nimesoma ubavuni, 110. Nimepima tena kwa chaki: mizunguko mitatu, mita 6 na sentimita 79. Mwalimu, ulisema 2.26, tepu imesema 2.263. Spidomita ikiwa 100 sasa simu inasema 98.

Jumamosi iliyopita tulipeleka geti na grili sita Karatina. Geti nimelilaza. Kutoka Kenol nilikaa 85 hadi 90 ya kweli, na mkono haukwenda kwenye gia. Kupanda kutoka Sagana nilishuka hadi ya nne mara mbili, pale pale nilipokuwa nikishuka zamani, hakuna kilichoharibika. Moshi hakuna. Kurudi mtupu ndiko kulikonifurahisha zaidi. Mke wangu alinisimulia habari yote ya chama chao, nani amelipa na nani hajalipa na kwa nini, kuanzia Makutano hadi karibu na Juja, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku ameegemea dirisha. Nilisikia kila jina.

Bado nasikia injini ikifanya kazi, hasa ikipita 95. Sitakimbilia difu. Lakini Mama, ukipata vichwa viwili vya 43 kwa 10 kutoka gari moja, visivyo na mchezo kwenye beringi, nitakuja kuhesabu meno mwenyewe.

MamaSpea

Viwili kutoka gari moja havipatikani kila siku. Nimekuandika. Uje na chaki yako.